Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Jiografia ya Dunia kwa Tufe na Ramani

Wazazi na walimu wanaotaka kuwafungulia watoto mlango wa jiografia ya dunia huuliza maswali yaleyale matatu: mtoto aanze akiwa na umri gani, kitangulie nini kati ya tufe na ramani ya ukutani, na je, ni lazima akariri nchi zote pamoja na miji mikuu yake? Majibu mafupi ni haya. Aanze mara tu anapoweza kueleza kilichopo nyuma ya mlango uliofungwa, jambo ambalo watoto wengi huliweza wakiwa na miaka minne au mitano. Tufe litangulie ramani ya dunia, lakini kabla ya vyote viwili mtoto achore ramani yake mwenyewe, hata kama ni ya chumba anacholala. Kukariri kusubiri hadi mwisho, kwa sababu mtoto anayetaja miji mikuu hamsini bila kuweza kuonesha kaskazini iko wapi mahali aliposimama amejifunza orodha tu.

Hatua zilizomo humu zinafuatana, na hazikufungwa kwenye darasa lolote. Mtoto wa miaka mitano anaweza kutumia mwaka mzima katika hatua nne za kwanza, ilhali wa miaka kumi atazimaliza katika muda mfupi sana. Hata huyo wa miaka kumi asiziruke.

Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30 hivi, linalozunguka kwenye mhimili ulioinama. Tufe dogo la mapambo halifai, kwa kuwa majina yake hayasomeki na nchi ndogo hazionekani kabisa.
- Mpira wa kujazwa upepo uliochorwa dunia, ukipatikana, kwa ajili ya michezo.
- Ramani ya dunia ya ukutani na atlasi yenye faharasa.
- Dira. Ya kwenye simu inatosha, mradi isiwe karibu na sumaku au vyuma.
- Uzi, rula, tochi, mkasi, penseli za rangi, karatasi kubwa nyeupe, karatasi nyembamba ya kunakilia na vibandiko vidogo vinavyobanduka.
- Chungwa moja na kalamu ya wino mzito.

Kabla ya kumkabidhi mtoto tufe au atlasi, kagua kifaa hicho ni cha mwaka gani. Ikiwa Sudan imechorwa kama nchi moja bila Sudan Kusini, tufe hilo lilichapishwa kabla ya mwaka 2011. Likionesha Zaire, ni la kabla ya 1997. Likionesha Chekoslovakia, ni la kabla ya 1993. Na likiandika Swaziland badala ya Eswatini, huenda ni la kabla ya 2018. Tufe la zamani halihitaji kutupwa. Mabara na bahari ni vilevile, na mtoto mkubwa atafurahi kuwinda tofauti kati yake na atlasi mpya. Kinachotakiwa ni wewe kujua mapema unachomwonesha.

Hatua ya 1: Chora chumba kinavyoonekana kutoka juu

Weka vitu vitatu mezani, kwa mfano kikombe, kitabu na kiatu, juu ya karatasi kubwa. Mtoto asimame kwenye kiti imara huku umemshika, kisha avitazame kutoka juu kabisa na kueleza kikombe kina umbo gani sasa. Watoto wengi wataendelea kuchora kikombe chenye mkono pembeni, jinsi kinavyoonekana kutoka mbele. Hapo ndipo ugumu wote wa ramani ulipo: ramani humtaka msomaji ajiweke mahali ambapo hajawahi kuwapo. Mwache azungushe penseli pembezoni mwa kila kitu, kisha viondoe. Michoro iliyobaki kwenye karatasi ni ramani yake ya kwanza.

Siku nyingine achore chumba chake. Aanze na kuta, afuate mlango na dirisha, ndipo aweke kitanda na meza. Kitanda kikitoka kikubwa kuliko ukuta mzima, usikifute. Mwambie apime kwa hatua zake urefu wa kitanda na urefu wa ukuta, kisha aamue mwenyewe cha kurekebisha. Halafu ficha kitu chumbani, tia alama kwenye ramani yake, na mwache akitafute. Kisha badilishaneni zamu: yeye afiche, wewe utafute, na uifuate ramani yake kama ilivyo hata inapokupeleka kwenye kona isiyo sahihi. Mchezo huu humwonesha ramani ni ya kazi gani, na humfanya agundue makosa ya mchoro wake bila kuambiwa na mtu.

Kosa linalofanywa sana hapa ni kuharakisha. Ukiona mtoto bado anachora miguu ya meza ikitokeza pembeni, hajawa tayari kwa ramani ya dunia, na hakuna hasara kurudia zoezi kwa vitu vingine.

Hatua ya 2: Ipe ramani mwelekeo

Tandika ramani ya chumba sakafuni, weka dira juu yake, na mwandike herufi za pande nne kwenye kingo za karatasi. Kisha mtoto aigeuze karatasi mpaka ukuta uliochorwa uelekee ukuta wenyewe. Rudieni zoezi hilo nje kwa ramani ya uwanja au ya njia anayoipita kila siku.

Kama hakuna dira, jua linatosha. Simika fimbo wima mahali tambarare, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli chake, subiri dakika ishirini hivi, kisha weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Mstari unaotoka jiwe la kwanza kwenda la pili huelekea, kwa kukadiria, kutoka magharibi kwenda mashariki.

Ramani ikae sakafuni kwa muda mrefu kabla ya kutundikwa ukutani. Mtoto aliyezoea ramani za ukutani pekee huamini kwamba kaskazini ni juu na kusini ni chini, na imani hiyo hujitokeza siku anapoambiwa kwamba Mto Nile unatiririka kuelekea kaskazini, akauliza maji yanawezaje kupanda. Mweleze kwamba juu ni upande wa mbinguni, na kwamba Nile hutoka katika nyanda zilizoinuka na kushuka hadi Bahari ya Mediterania, kama mto mwingine wowote. Mwambie pia kwamba kuweka kaskazini upande wa juu wa karatasi ni mazoea tu ya wachoraji: ramani ya dunia ambayo mwanajiografia al-Idrisi aliikamilisha mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme Roger II wa Sicilia iliweka kusini juu. Geuzeni ramani ya ukutani juu chini kwa siku moja na mwone jinsi dunia ileile inavyoonekana ngeni.

Hatua ya 3: Mkabidhi tufe, nawe ukae kimya

Siku ya kwanza ya tufe usifundishe chochote. Mwache alizungushe, alipapase na aulize. Baada ya hapo mpe jambo moja tu la kutofautisha, nalo ni nchi kavu na maji. Mwanaelimu wa Italia, Maria Montessori, aliwatengenezea watoto wadogo tufe ambalo nchi kavu yake ilikwaruza kama msasa na bahari yake ilikuwa laini, ili mkono utangulie jicho. Unaweza kuiga wazo hilo kwa kubandika vipande vidogo vya msasa kwenye mpira wa zamani.

Kisha chezeni mchezo wa kurushiana mpira wa dunia. Kila anayeudaka atazame kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kimeangukia wapi, na mwandike alama ya maji au ya nchi kavu. Maji yamefunika takribani asilimia 71 ya uso wa dunia, kwa hiyo kadiri mnavyourusha mara nyingi ndivyo hesabu inavyosogea kwenye saba kwa kumi. Mtoto anayeyagundua hayo kwa vidole vyake hayasahau upesi.

Matufe yenye milima inayopapasika yanahitaji tahadhari. Katika tufe la sentimita 30, sentimita moja ni takribani kilomita 425 za dunia. Kwa kipimo hicho Mlima Everest, wenye mita 8,849, ungekuwa na kimo cha karibu moja ya tano ya milimita, yaani kidole kisingeuhisi. Mwambie mtoto kwamba milima hiyo imekuzwa makusudi. Akiwa na hamu ya zaidi, mwoneshe kwamba Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilicho kilomita 400 hivi kutoka ardhini, kingeelea chini kidogo ya sentimita moja juu ya tufe, na kwamba Mwezi ungekuwa mpira wa sentimita 8 uliowekwa umbali wa mita 9. Pimeni mita hizo tisa kwa hatua. Watu wazima nao hushangaa.

Hatua ya 4: Mabara na bahari kwa umbo

Fundisha mabara mawili kwa wakati mmoja, na uchague yanayogusana: Afrika na Asia zinapokutana kwenye Mfereji wa Suez, au Amerika ya Kaskazini na ya Kusini zinapoungana kupitia Panama. Mtoto apitishe kidole kwenye pwani nzima ya bara, anakili umbo lake kwa karatasi nyembamba iliyolazwa juu ya tufe, kisha alikate. Siku zinazofuata mpe vipande hivyo bila majina, avirudishe mahali pake juu ya tufe.

Bahari zisiachwe nyuma kana kwamba ni nafasi tupu. Geuza tufe mpaka Pasifiki ikukabili moja kwa moja, umwoneshe kwamba upande huo wa dunia karibu wote ni maji. Bahari hiyo peke yake ina eneo kubwa kuliko nchi kavu zote zikiwekwa pamoja.

Mtoto makini atauliza kwa nini Australia ni bara na Greenland ni kisiwa, au kwa nini Ulaya na Asia ni mabara mawili wakati hakuna maji yanayoyatenga. Jibu la kweli ni kwamba haya ni makubaliano ya watu. Shule nyingi duniani huhesabu mabara saba, nyingine huhesabu sita kwa kuziunganisha Amerika mbili. Usimfiche jambo hilo.

Hatua ya 5: Mahali ndani ya mahali

Kata miduara sita ya karatasi, kila mmoja mkubwa kuliko uliotangulia, na uandike nyumba, mtaa, mji, nchi, bara na dunia. Mtoto aipange mmoja juu ya mwingine na kuisoma kutoka mdogo hadi mkubwa. Hatua hii huonekana rahisi mno kwa mtu mzima, lakini watoto wadogo hukwama hapa kwa dhati. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliwakuta watoto wa Geneva, mji wa Uswisi, waliokana kwamba mtu anaweza kuwa wa Geneva na wa Uswisi kwa wakati mmoja. Ukisikia mtoto akisema Afrika ni nchi, au kwamba Paris iko karibu na Ufaransa, rudi kwenye miduara.

Hatua ya 6: Mchana na usiku

Tia chumba giza. Weka tochi mezani na isisogezwe hata kidogo; kinachozunguka ni tufe. Bandika kibandiko kwenye mahali mtoto anapopajua, kisha alizungushe tufe polepole kutoka magharibi kwenda mashariki, yaani kinyume cha mwendo wa mishale ya saa kwa anayelitazama kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini. Aseme jua linachomoza lini kwenye kibandiko na linatua lini. Ongeza kibandiko cha pili huko Tokyo na cha tatu London, aone mwanga unavyofika Tokyo kwanza. Mtoto mwenye umri wa kutosha ataelewa sasa kwa nini saa za Tokyo ziko mbele ya za London kwa saa 9, au 8 pale Waingereza wanaposogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi chao.

Majira ya mwaka ni kwa watoto wakubwa. Waizunguke taa iliyo katikati ya chumba wakiwa na tufe, mhimili ukiendelea kuelekea ukuta uleule muda wote. Makosa hutokea hapa mara kwa mara, kwani mtu anayebeba tufe hujikuta akiligeuza ili Ncha ya Kaskazini ielekee taa wakati wote, na hapo majira yanapotea. Mhimili umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi, na mwinamo huo ndio unaoleta majira. Umbali kutoka jua hauhusiki, kwani dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, nusutufe ya kaskazini ikiwa katika baridi kali.

Hatua ya 7: Kutoka kwenye tufe hadi ramani bapa

Hatua hii ipewe muda mrefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayomkinga mtoto na makosa ambayo wengi hubaki nayo hadi utu uzima.

Chora mabara kwa kukadiria juu ya chungwa, kisha mtoto alimenye akijitahidi ganda lisikatike vipande vingi, na alilaze ganda mezani. Litapasuka. Mwambie ajaribu kulifanya liwe mstatili usio na nyufa, aone kwamba haiwezekani mpaka sehemu fulani zivutwe, na kwamba zinazohitaji kuvutwa zaidi ni zile za karibu na ncha mbili. Kila ramani bapa ya dunia imelazimika kuvuta, kukata au kukunja mahali fulani. Mchoraji huchagua cha kuharibu na cha kuhifadhi.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni ramani ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569. Aliitengeneza kwa ajili ya mabaharia, ili mstari ulionyooka kwenye karatasi uwe mwelekeo mmoja usiobadilika wa dira, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Gharama yake ni kwamba nchi zilizo mbali na ikweta huvimba, na ncha zenyewe haziwezi kuonekana kabisa. Greenland huonekana karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 hivi na Greenland milioni 2.2 hivi, yaani Afrika ni kubwa mara 14. Usimwambie mtoto takwimu hizo kwanza. Mwache anakili umbo la Greenland kutoka kwenye tufe, alikate, na alipange juu ya Afrika kwenye tufe hilohilo ahesabu linaingia mara ngapi. Halafu afanye vivyo hivyo kwenye ramani ya ukutani, alinganishe.

Zoezi la pili ni la uzi. Kwenye ramani bapa yenye Pasifiki katikati, nyoosha uzi kutoka Tokyo hadi New York. Utakatiza katikati ya Pasifiki na bara zima la Amerika ya Kaskazini. Kwenye tufe, ubane uzi kwenye miji hiyohiyo na uukaze mpaka uwe mfupi iwezekanavyo. Utapanda hadi Alaska. Ndege zinazopita huko hazizunguki. Ramani ndiyo iliyokunjua njia fupi ikaonekana ndefu.

La tatu ni la kingo. Kwenye ramani nyingi Urusi iko mwisho wa kulia na Alaska mwisho wa kushoto, kana kwamba dunia nzima imezitenganisha. Kunjeni karatasi kuwa bomba mpaka kingo zikutane: Mlango-bahari wa Bering unaozitenga hauna hata kilomita 100 mahali pembamba zaidi.

Ukichagua ramani ya ukutani, tumia kipimo cha Greenland. Ikikaribia Afrika kwa ukubwa, tafuta nyingine. Ramani zilizochorwa kwa mtindo wa Robinson au wa Winkel Tripel hupotosha kidogo kila kitu bila kupotosha sana chochote, na ule uitwao Equal Earth, uliotolewa 2018, huhifadhi maeneo kama yalivyo. Jina la mtindo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona ya chini.

Hatua ya 8: Ufunguo na kipimio

Mtoto aurudie mchoro wake wa zamani na kuutengenezea ufunguo: alama moja kwa mti, moja kwa njia, moja kwa maji. Akishabuni alama zake, atasoma za wengine bila shida. Kuhusu kipimio, yaani mstari unaoonesha urefu fulani kwenye ramani ni kilomita ngapi za ardhini, chukua uzi, pima umbali kati ya miji miwili kwenye atlasi, kisha ulinganishe urefu huo wa uzi na mstari wa kipimio. Mwonye asitumie kipimio cha ramani ya dunia nzima kwa safari ndefu. Hatua ya 7 imeshamwonesha sababu. Umbali mrefu hupimwa kwenye tufe.

Hatua ya 9: Latitudo na longitudo

Anza na ikweta. Mtoto aifuate kwa kidole kutoka Ecuador, apite Kolombia na Brazili, avuke Atlantiki hadi Gabon, aendelee hadi Kenya na Somalia, kisha avuke Bahari ya Hindi hadi Indonesia. Ndipo umweleze kwamba latitudo huhesabiwa kutoka hapo, kwa nyuzi, hadi 90 kwenye kila ncha, na longitudo huhesabiwa kutoka mstari wa Greenwich, London, uliokubaliwa katika mkutano wa kimataifa huko Washington mwaka 1884. Ikweta imewekwa na mzunguko wa dunia wenyewe, lakini mstari wa Greenwich ungeweza kuwa popote.

Mpe kazi ya kutafuta miji kwa namba: nyuzi 30 kaskazini na 31 mashariki ni Cairo; 34 kusini na 18 mashariki ni Cape Town; 36 kaskazini na 140 mashariki ni karibu na Tokyo. Latitudo itangulie siku zote, la sivyo ataishia baharini. Baada ya hapo mwulize maswali ya mtego ambayo ramani ya kichwani hujibu vibaya: Roma na New York, upi uko kaskazini zaidi? Ni Roma. Lima na Miami, upi uko mashariki zaidi? Ni Lima, ingawa iko kwenye pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini.

Hatua ya 10: Nchi na miji mikuu

Sasa majina yana mahali pa kukaa. Umoja wa Mataifa una wanachama 193, na hakuna haja ya kuwafundisha wote. Anza na nchi jirani zinazogusana, kisha fuata zinazotajwa katika habari, michezo au maandishi ya kwenye nguo, na kila inapotajwa nchi, mtoto aende kuitafuta kwenye tufe kabla ya mazungumzo kuendelea. Ramani za kukatwa vipande na kuunganishwa hufaa sana. John Spilsbury wa London aliziuza kwa ajili ya kufundishia jiografia tangu miaka ya 1760.

Kuwa mwangalifu na miji mikuu isiyo mikubwa kuliko yote nchini. Mji mkuu wa Australia ni Canberra, wa Kanada ni Ottawa, wa Uturuki ni Ankara, na wa Brazili ni Brasília tangu 1960. Mipaka iliyochorwa kwa nukta, kama ya Kashmir au Sahara Magharibi, humaanisha kwamba pana mgogoro, na wachapishaji tofauti huichora kwa namna tofauti.

Mambo yanayokwama na jinsi ya kuyatatua

*Anachanganya mashariki na magharibi.* Kwa kawaida anakumbuka kulia na kushoto badala ya pande za dunia. Mgeuze mwili aangalie kusini, umuulize jua linachomoza upande gani. Rudieni hatua ya 2 nje ya nyumba, mbali na karatasi.

*Anaamini mistari na rangi ziko ardhini.* Mwoneshe picha zilizopigwa kutoka angani, kisha atafute kwenye picha hiyo mpaka anaouona kwenye atlasi. Ataona kwamba mto na pwani vinaonekana, na ikweta haionekani.

*Anauliza kwa nini watu wa nusutufe ya kusini hawadondoki.* Kata vijitu vya karatasi, uvibandike pande zote za tufe, nyayo zikigusa uso wake. Chini, kwa kila mmoja wao, ni kuelekea katikati ya dunia. Mbandike mmoja Hispania na mwingine New Zealand, ambazo karibu zinakabiliana nyayo kwa nyayo, na mtoto aseme yupi yuko juu.

*Ramani ya simu inamtosha, hataki karatasi.* Ramani ya simu humweka mtumiaji katikati na kugeuka anapogeuka, hivyo inamfanyia kazi ileile unayotaka aifanye kichwani. Iruhusu baada ya hatua ya 8, na umtake kwanza achore njia, ndipo ailinganishe na simu.

*Tufe halipatikani.* Puto lililofunikwa kwa tabaka za karatasi na gundi, likakaushwa na kupakwa rangi, linatosha hadi hatua ya 6. Chora ikweta kwanza, mabara yafuate.

*Majina hayalingani kati ya tufe na atlasi.* Burma na Myanmar ni nchi moja, vilevile Zaire na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Andika jina jipya kwenye kibandiko na ukiweke kando ya la zamani bila kulifunika.

*Anachoka baada ya dakika kumi.* Dakika kumi zinatosha kwa mtoto wa miaka mitano. Acha tufe mahali anapolifikia mwenyewe. Likiwekwa juu ya kabati ili lisiharibike, litakuwa pambo.

*Anauliza mahali usipopajua.* Mfundishe kutumia faharasa ya atlasi: atafute jina kwa mpangilio wa herufi, asome ukurasa, kisha herufi na namba ya mraba, na atelezeshe vidole viwili, kimoja kutoka pembeni na kingine kutoka juu, mpaka vikutane. Akishapapata kwenye atlasi, apatafute kwenye tufe bila msaada wa faharasa, na aseme ni bara gani, karibu na bahari gani, na upande gani wa ikweta.